Nguvu inaweza kuzima mlipuko mmoja, ila ule unaofuata je?

Kila ukitokea mlipuko wa ugonjwa mabishano ni yaleyale. Kuna wanaosema haki za binadamu ni mambo ya wakati wa amani, watu wanakufa we unaleta habari za katiba, na kuna wanaosema ukishawakanyaga watu ugonjwa ndo unapata pa kupita. Mimi nipo na hawa wa pili lakini si kwa kila kitu, maana wale wa kwanza wana hoja nzito ambazo watetezi wengi wa haki wanazikwepa, na nadhani si vizuri kuzikwepa.

Chukua Cuba. Kuanzia 1986 ilikuwa inapima watu kwa wingi na ukikutwa na VVU unapelekwa kwenye kituo maalum ukae huko, uwe unaumwa au huumwi, na ilikuwa hivyo hadi 1993 walipoanza kuruhusu watu warudi makwao. Walilaaniwa sana nje, lakini maambukizi ya Cuba yakabaki chini mno ukilinganisha na majirani zake wa Karibi. Au chukua ndui, ugonjwa unaokadiriwa kuua watu milioni 300 karne ya 20 peke yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza 1980 kwamba umetokomezwa, na sote tunashangilia, ila tunasahau kwamba miaka ile ya mwisho kule India na Bangladesh kuna vijiji timu ziliingia usiku, milango ikavunjwa, watu wakashikwa kwa nguvu wakachanjwa huku wanalia. Ukimuuliza mtu leo kama angependa ndui irudi ili wale watu wasingeguswa, wachache watakujibu haraka.

Kuna na hoja ya tatu, hii ya kitaalamu zaidi. Mwaka 2002 mtaalamu wa ukimwi Kevin De Cock na wenzake wawili waliandika kwamba Afrika ukimwi umeshughulikiwa kama ishu ya haki na usiri mpaka kazi za kawaida za afya ya jamii zikarudi nyuma, kwa mfano kupima mtu yeyote anayefika hospitali. Watu walikuwa wanafia wodini hakuna aliyewapima kwa sababu kupima kulikuwa na taratibu ndefu za ushauri nasaha. Botswana ikabadilisha 2004, kipimo kikawa sehemu ya matibabu ya kawaida na mgonjwa ana uhuru wa kukataa, na waliojua hali zao wakaongezeka sana. Hiyo hoja naikubali moja kwa moja. Lakini angalia neno "uhuru wa kukataa", halikuondolewa, na dawa zilikuwepo upande wa pili wa kile kipimo.

Sasa mimi shida yangu na watu wa nguvu iko hapa: hesabu yao huwa inaishia kwenye mlipuko mmoja. Wanaangalia nguvu imetumika, ugonjwa umeshuka, wanafunga daftari. Deni lenyewe linakuja kudaiwa miaka kadhaa mbele, kwenye ugonjwa mwingine, tena linalipwa na watoto ambao hawakuwepo.

Kano, kaskazini mwa Nigeria, ndo mfano ambao kila anayeshika wizara ya afya angepaswa kuujua vizuri. Mwaka 1996 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ikaenda na dawa yake mpya Trovan ikaijaribu kwa watoto, jumla yao 200, nusu wakapewa hiyo mpya na nusu dawa nyingine, wakafa 11 katika makundi yote mawili. Wazazi wakasema hawakuambiwa kwamba ni majaribio, kampuni ikasema waliridhia kwa mdomo na kwamba vifo vilitokana na ugonjwa wenyewe, kesi zikaburuzwa miaka na miaka hadi 2009 ndo wakafikia makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano bila kampuni kukiri kosa. Lakini kabla hata hizo kesi hazijaisha, 2003, jimbo la Kano na mengine jirani yakasimamisha chanjo ya polio. Uvumi ulikuwa kwamba chanjo inafunga kizazi, uvumi wa uongo kabisa, na siasa za wakati ule zilichangia na hasira za vita vya Iraq pia, siwezi kusema ni Trovan peke yake. Ila mtu ukimwambia "hawa wazungu hawawezi kuwadhuru watoto wenu" na yeye anawajua wazazi wa 1996, unamjibu nini? Polio ikatoka pale ikasambaa nchi ambazo zilishaimaliza, hadi Indonesia 2005. Watoto wa Indonesia wakapooza, na hata hawajui Kano iko wapi.

Pakistan ni hivyo hivyo. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kisingizio cha kupata DNA ya familia ya Osama bin Laden kule Abbottabad. Desemba 2012 wachanjaji wa polio wakaanza kupigwa risasi, wengi wao wanawake waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Ni kweli Taliban walikuwa wanapinga chanjo hata kabla ya hapo, lakini sasa walipewa ushahidi mkononi. Mwaka 2014 Ikulu ya Marekani ikaahidi CIA haitatumia tena kampeni za chanjo, na Pakistan imebaki moja ya nchi mbili tu, pamoja na Afghanistan, ambazo polio ya asili haijawahi kukatika. Na wale wanaume weusi wa Tuskegee, kama 600 hivi, theluthi mbili wakiwa na kaswende, ambao serikali ya Marekani iliwafuatilia kuanzia 1932 hadi 1972 ione ugonjwa unawafanya nini, hata baada ya penisilini inayoutibu kupatikana, bado wanatajwa kila chanjo mpya ikija Marekani.

Hayo ni madeni ya baadaye. Kuna mengine unayalipa siku hiyo hiyo.

Kenya mwaka 2010, Kapsabet, wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walipelekwa mahakamani na ikatolewa amri wakae gerezani muda usiozidi miezi minane, eti kwa kulinda jamii. Yaani unamchukua mtu mwenye ugonjwa unaopita kwa hewa unamuingiza kwenye chumba kilichojaa watu! Duniani kote kifua kikuu gerezani kiko takriban mara kumi ya kilivyo nje, na wafungwa wanatoka, askari magereza wanarudi nyumbani kila jioni. Mahakama Kuu ikaamua 2016 kwamba kuwafunga ilikuwa kinyume cha katiba. Na hapa ndo napenda ile hukumu, haikusema kwamba mgonjwa hawezi kutengwa kabisa, ilisema gereza si mahali pa kumtibia na serikali itengeneze utaratibu unaoeleweka wa kuwatenga wanaostahili kutengwa.

Liberia nayo, Agosti 2014, jeshi likazungusha waya kwenye mtaa wa West Point hapo Monrovia kwa sababu ya Ebola, makumi ya maelfu ya watu ndani, bei za vyakula zikapaa, vurugu zikazuka, kijana wa miaka 15 akapigwa risasi akafa. Baada ya siku kama kumi wakaondoa. Na Machi 2020 siku ya kwanza ya kafyu ya korona polisi waliwapiga mabomu ya machozi abiria wa kivuko cha Likoni, Mombasa, wakawalaza chini wamebanana, watu wanakohoa na kujifuta machozi kwa mikono, kwa ugonjwa unaoenea kwa kukohoa na kukaribiana. Nguvu pale haikuwa kali kupita kiasi tu, ilikuwa inafanya kazi ya kirusi.

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, na ni kweli, lakini tuulize pia nani alimfundisha kuficha. Mtu anayejua akijitokeza atafungwa, au jina lake litasomwa, au atafukuzwa kazi, atakaa kimya, na ukimya wake ndo chakula cha mlipuko. Hata madaktari wanafundishwa kuficha. Beijing 2003 ilibidi daktari wa jeshi aliyestaafu, Jiang Yanyong, aandikie vyombo vya habari ndo idadi halisi ya wagonjwa wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu, ijulikane, na Wuhan mwanzoni mwa 2020 Li Wenliang akaitwa polisi akasainishwa onyo kwa kuwaambia wenzake kuna ugonjwa unaofanana na SARS, akafa nao Februari.

Upande wetu nao una kasoro. Neno "haki" siku hizi linatumiwa na watu wanaogoma kuchanja watoto surua kwa sababu wamesoma kitu mtandaoni, na surua haiulizi msimamo wa mzazi, inampata na mtoto mchanga wa jirani ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa. Haki ya yule mchanga nayo inahesabika. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema serikali isilazimishe chochote kamwe. Kanuni za Siracusa za 1984, mwongozo wa kimataifa wa lini serikali inaweza kubana haki za watu, zilishaliweka vizuri: kizuizi kiwe kwenye sheria, kiwe na sababu ya kweli, kisizidi kinachohitajika, kiwe na mwisho, kisibague, na kusiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Ukiipima Cuba hapo inafeli, hata kama wale watu walilishwa vizuri na mishahara yao ikaendelea. West Point inafeli kila kipengele. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayekataa dawa kabisa, akatengwa hospitali, anatibiwa, anakula, familia inasaidiwa, ana hakimu wa kumlalamikia, huyo anapita.

Na hata chanjo haitoshi kama watu hawakuamini. Ebola ya Kivu Kaskazini 2018 hadi 2020 ilikuwa na chanjo inayofanya kazi, kitu ambacho Liberia hawakuwa nacho, na bado iliua watu zaidi ya 2,200. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ya Kongo iliwazuia watu wa Beni na Butembo kupiga kura ya urais kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati masoko na makanisa yako wazi. Waandamanaji wa Beni wakavamia kituo cha Ebola, wagonjwa waliokuwa wanasubiri majibu wakakimbia.