Simba Mwenye Mistari na Madoa

Shemeji yangu anafundisha darasa la tatu hapa Dodoma. Ukutani mwa darasa lake kulikuwa na simba aliyechorwa na mtu ambaye, ukimwangalia simba yule, utaapa kwamba maishani mwake aliwahi kuona mbuzi tu. "Shemeji," akaniambia, "wewe si una kamera? Nenda Nzuguni kwenye maonyesho ya Nane Nane, wameleta simba. Nipigie mmoja nikamsafishe, nimbandike."

Mimi kazi yangu ni harusi, vipaimara na paspoti saizi. Nikamwona simba ni mteja rahisi kabisa: habadilishi nguo mara tatu, hana kamati, na hawezi kulalamika kwamba nimemnenepesha.

Nilikuwa nimeshaharibu kazi tangu jana yake bila kujua. Jioni ile nilipiga kwaya, watu arobaini kwa safu nne, na ili wa mbele na wa nyuma watoke safi sawasawa nikabana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikipanda, tundu hupungua). Nikalipwa, nikazima kamera, nikaenda kula. Kamera ikalala na f/16 yake, ikaamka nayo, ikapanda nayo daladala.

Nilifika saa sita mchana. Simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku, na hakuna saa anayoipenda kwa kazi hiyo kama mchana wa jua kali. Mwanga nao ulikuwa utosini, macho ya mnyama yamezama gizani kama ya bwana harusi aliyevaa kofia. Watu wenye akili huja asubuhi na mapema, au humuuliza mhudumu saa ya kulisha. Mimi niliuliza bei ya soda.

Halafu upepo. Upepo wa Agosti wa Dodoma haubishi hodi. Lenzi hubadilishwa hivi: unazima kamera, unaupa upepo mgongo, unaelekeza mdomo wa kamera chini, na lenzi mpya unakuwa nayo mkononi, kifuniko kimeshalegezwa, ili usichukue zaidi ya sekunde tano. Mimi nilisimama katikati ya njia, kamera ikiangalia juu mdomo wazi kama kifaranga anayesubiri kulishwa, huku nikitafuta lenzi ya kuvuta mbali, ya 70-300, chini ya mfuko wa zabibu. Kifaranga akalishwa. Vumbi likikaa kwenye sensa, yaani kile kibao cha ndani kinachonasa picha, ukifungua tundu kubwa linayeyuka, huwezi kuliona. Ukibana hadi f/16, kila chembe inatoka kama doa la wino.

Kamba ya usalama ilituweka mita mbili kutoka kwenye wavu, na simba alilala mita tatu nyuma yake. Nikavuta 70 tu nimpate mzima, kuanzia ndevu hadi mkia, kama bibi harusi na shela lake. Fokasi ya kamera nimeiacha ijichagulie yenyewe, na ikiachwa hivyo hukimbilia kilicho karibu. Kilicho karibu ni waya, tena upande wa jua, unang'aa. "Kidevu juu kidogo, mzee," nikamwambia simba kwa mazoea. Watoto wakacheka. Simba akapiga mwayo. Nikapiga picha 87.

Ilitakiwa nivute hadi 300, nifungue f/5.6, nichague nukta moja ya fokasi niipenyeze kwenye tundu la wavu hadi jichoni, nizunguke upande ambao waya umepigwa na kivuli, kisha nisubiri mnyama ajisogeze mbali na waya. Hapo waya ungefifia hadi kupotea. Haya yote nilikuwa nayajua. Ndiyo yanayouma.

Kwa tumbili niliamua kufanya kitaalamu. Kamba upande ule ilikuwa imelegea hadi chini, basi nikainama, nikaivalisha lenzi kofia yake ya mpira, ile pete ya kukinga mwanga wa pembeni, nikaigandisha kwenye wavu. Lenzi ikigusa wavu, waya hauonekani tena. Ila kofia ile nilikuwa nimeikaza nusu tu, na matundu yalikuwa ya kupitisha ngumi ya mtoto. Mkono mweusi ukatoka, ukazungusha mara moja kama fundi bomba, na kofia ikaingia ndani kiubavu kama barua.

"Bwana picha, kamba umeiona?" Ni mzee mhudumu.

"Shikamoo, mzee. Kofia yangu..."

"Marahaba. Usipige kelele, usimkimbilie. Ukikigombania, ataona ni cha thamani."

Tumbili alikuwa ameshaivaa mkononi. Mzee akatoa karanga kwenye ndoo, akaonyesha kiganja kimoja chenye karanga na kingine kitupu: lete hiki, chukua hiki. Tumbili akaangalia karanga, akaangalia bangili yake, akatupa mgongo. Muhogo pia akakataa. Mzee akageuka taratibu kuutazama mfuko wangu.

"Hizo ni zabibu?"

"Mzee, pale wameandika wageni wasilishe wanyama."

"Wewe hulishi. Zilete."

Kabla ya biashara akachomoa simu yake iliyopasuka kioo, akaweka kijicho cha kamera katikati ya tundu moja la wavu, akabonyeza. Kisha zabibu tatu zikaingia na kofia ikatoka. Zilizobaki alikula mzee.

Usiku shemeji akafungua picha kwenye kompyuta.

"Huyu pundamilia wa wapi?"

"Simba huyo."

"Mistari je?"

"Waya."

"Na haya madoa?"

"Vumbi."

Mwanawe akasogea akakodoa macho. "Baba mkubwa, mama yake ni chui?"

Sikuwa na la kusema, nikamwonyesha ile picha ambayo mzee alinitumia WhatsApp: tumbili macho yanang'aa, hakuna waya hata mmoja, bangili nyeusi mkononi. Kijicho cha simu ni kidogo, kinaenea chote ndani ya tundu moja la wavu; lenzi yangu ya kilo haiwezi.

Wiki iliyofuata shemeji akapiga simu kwamba ameshambandika tumbili, na anataka jina la mpiga picha aliandike chini. Nikampa la mzee. Kofia ninayo bado, ila haikazi vizuri, na kwenye mpira ina alama nne za meno.