Sheria si Haba, Haba ni Ofisi

Jamaa zangu wa Lamu hunitaka niwaeleze iwapo huku Uholanzi ninakoishi wametuzidi kwa fedha tu katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Fedha zimo, sikatai, lakini nionavyo tofauti kubwa zaidi imo katika utumishi wa umma. Kenya ilitunga Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Kwa upande wa maandishi hatuna deni.

Hapa Uholanzi yapo mabaraza 21 ya maji, mengine yakiwa na asili ya karne ya 13, ambayo wajumbe wake wengi huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka minne na ambayo hutoza kodi yake yenyewe, kwa hivyo matengenezo ya kuta za kuzuia maji hayangojei hisani ya wizara. Kodi hiyo nailipa kwa manung'uniko, lakini najua nimuulize nani ukuta ukipata ufa. Kwetu, mtu akiona kisima kimeingia chumvi, huzungushwa baina ya kaunti na serikali kuu hadi akachoka.

Mwaka 2016 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa takriban megawati 1,000 huko Kwasasi, Lamu. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira liliibatilisha, sababu mojawapo kuu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengi huusifu ushindi huo, nami nausifu, ila wananchi walilazimika kuhangaika kwa miaka kusahihisha kasoro ambayo afisa makini angeiona kabla ya kutia saini.

Wala sidai kwamba ofisi nzuri huzaa nia njema. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Uholanzi, katika kesi ya asasi ya mazingira ya Urgenda, iliilazimisha serikali ipunguze gesijoto kwa angalau asilimia 25 kutoka kiwango cha 1990 ifikapo mwisho wa 2020. Nia ilipungua, lakini takwimu za kila mwaka za gesi hizo zilikuwapo, na bila hizo hakimu angepima nini?

Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kabla ya kuzungumzia soko la kaboni, yaani kuuza kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, ningependa kila ofisi ya chifu, kuanzia Kizingitini hadi Mkunumbi, ibandikwe bajeti ya kutunza mikoko, pamoja na jina la afisa anayewajibika na tarehe ya kutoa hesabu.