WSM 650 na redio za Lubumbashi: kila moja ina cha kuiga kwa mwenzake

Mtu wa Lubumbashi akisema anapenda muziki wa country, wenzake wa diaspora humcheka: huo ni muziki wa wazungu wa mashambani, kofia pana na mabuti. Wacheke tu. Katika vitu ambavyo Tennessee imetushinda, mimi ninaanza na stesheni moja ya redio, WSM, 650 AM, Nashville. Barabara zije baadaye. Na kuna jambo ambalo redio za kwetu zinaishinda WSM mbali kabisa, ila wengi wetu tuliohama hatulitaji kwa sababu tumezoea kulia tu.

WSM ilianza kurusha tarehe 5 Oktoba 1925. Waliianzisha watu wa kampuni ya bima ya maisha, na herufi zake zilitokana na msemo wa kampuni hiyo, iliyojisifu kwamba inakinga mamilioni. Tarehe 28 Novemba mwaka uleule, mtangazaji George D. Hay alimweka mzee mmoja mpiga fidla, Uncle Jimmy Thompson, mbele ya maikrofoni. Kipindi kilichozaliwa usiku ule kilipata jina la Grand Ole Opry mwaka 1927, na Jumamosi usiku bado kiko hewani. Mei 2010 mto Cumberland ulifurika, maji yakaingia hadi jukwaani, kipindi kikahamia kumbi nyingine za mjini. Machi 2020, wakati wa korona, waliimba mbele ya viti vitupu. Kwetu mtangazaji akihama stesheni, kipindi chake kinahama naye au kinakufa. Huku Tennessee watangazaji wamezeeka, wamekufa, na saa ya kipindi imebaki.

Kwa wanaosema huo si muziki wetu: kati ya nyota wa kwanza kabisa wa Opry alikuwepo DeFord Bailey, mtu mweusi, mjukuu wa watumwa, aliyepuliza kinanda cha mdomo mpaka ukasikia treni inapita. Mwaka 1941 walimfukuza. Hall of Fame ya country, jumba la heshima la magwiji wa muziki huo, ilimpokea 2005 akiwa amekwisha kufa. Banjo nayo ilivuka bahari pamoja na mababu waliofungwa minyororo. Kupenda stesheni hakuzuii mtu kujua aibu yake.

Sasa kuisikia. Huku Tennessee mchana ni rahisi, wati 50,000 zinatosha. Usiku tabaka la chini la ionosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji ya umeme), lile linalomeza mawimbi ya AM mchana, linatoweka, na sauti inarudi chini kutoka juu mamia ya kilomita mbali. Kwa hiyo aliyeko Iowa au Ohio ajaribu baada ya jua kuzama, si saa sita mchana halafu aseme redio ni mbovu. Pako pia mahali ambapo sauti huja na kwenda: pale wimbi linalotambaa ardhini linapokutana na lile linaloshuka kutoka juu, yakipishana yanauana. Mnara wa Brentwood, uliojengwa 1932 ukiwa na umbo kama almasi, ulikuwa na urefu wa futi 878, yaani karibu mita 268. Wakaupunguza hadi futi 808 kwa sababu hiyohiyo. Mnara mrefu kupita kiasi ulijikata sauti wenyewe pembeni mwa eneo lake.

Ndani ya nyumba adui ni chaja ya simu, taa za LED na televisheni. Zima kimoja kimoja mpaka mngurumo unyamaze, utamjua mwenye kosa. Ndani ya redio ndogo mna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya, kimelala kufuata urefu wa redio. Uso mpana wa redio ukielekea Nashville sauti hupanda. Ncha ya kijiti ikielekea huko sauti huanguka. Ujanja ni kuigeuza polepole, ncha uielekeze kwenye chanzo cha kelele, hata kama stesheni itapungua kidogo.

Anayeishi mbali atengeneze antena ya fremu. Fremu ya mbao ya mraba, kila upande sentimita 45, mizunguko 12 ya waya wenye ganda, jumla mita 22 hivi, nafasi ndogo kati ya mzunguko na mzunguko. Ncha mbili za waya zinaungwa kwenye kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 365, ile inayotolewa kwenye redio za zamani. Usiunge chochote kwenye redio yako. Iweke tu karibu, kijiti chake kikiwa kimeikata fremu kwa pembe mraba. Zungusha kapasita taratibu mpaka sauti ivimbe ghafla. Ikiwa haivimbi kabisa upande wa 650, mizunguko ni michache, ongeza mmoja. Ubavu wa fremu ndio unaoelekea Nashville, si uso wake. Wengi hukosea hapo.

Ndugu zangu wa Lubumbashi, wa mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo, ninyi AM ya Nashville haitawafikia, ni intaneti. Hesabu ya mega ni hii: chukua kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, unapata megabaiti kwa saa. Mkondo wa kilobiti 64 unakula karibu mega 29 kwa saa, wa 128 karibu 58. Kipindi cha saa mbili basi ni mega 58 hadi 116, kabla hujahesabu picha na matangazo ya programu yenyewe. Sauti ikikatika kila mara simu inapozima skrini, mara nyingi mtandao hauna kosa: ni mfumo wa kuokoa betri unaoua programu iliyo nyuma. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itoe programu ya redio kwenye kizuizi. Kuhusu saa: Lubumbashi haibadilishi saa, Nashville inabadilisha. Saa 19:00 ya Jumamosi ya Nashville ni 02:00 ya usiku wa kuamkia Jumapili kwenu, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba inakuwa 03:00. Chaji simu kabla, delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haina kalenda.

Na sisi tunaotuma redio nyumbani tuache kutuma mzigo wa takataka. Redio ya Marekani ya volti 120, ukiichomeka kwenye 220, inatoa moshi siku hiyohiyo. Tafuta ya betri au yenye chaja ya 100 hadi 240. Kwenye AM ya Marekani stesheni zimeachana kwa kilohezi 10, kwetu ni 9, kwa hiyo redio ya namba isiyo na kifungo cha 9/10 itasimama pembeni mwa stesheni. FM ni mbaya zaidi: redio nyingi za Marekani huruka kwa 0.2, zikisimama 95.7 na 95.9 tu. Stesheni iliyoko 95.8 utaisikia kwa mikwaruzo, na mama atadhani umemletea kitu kibovu. Kweli umemletea.

Lakini sikilizeni WSM wiki nzima, kisha mtafute komunike, yaani matangazo ya familia na ya mtaa yanayosomwa hewani. Hakuna. Nashville mtu akifa, habari yake inakaa kwenye tovuti ya nyumba ya mazishi, mwenye kuitafuta aitafute. Lubumbashi familia inapeleka karatasi stesheni, inalipa, na mtangazaji anasoma kwa Kifaransa na Kiswahili: nani amefariki, msiba uko avenyu gani, mazishi lini. Baada yake kitambulisho kilichookotwa, mtoto aliyepotea, mkutano wa wazazi wa shule fulani. Lupango mzima, yaani ua wote wa nyumba, unasikia, hata aliyekuwa anasonga bukari (ugali). Redio ya huku inaongea na mtu mmoja ndani ya gari lake, na siku hizi baadhi ya magari ya umeme hayana hata AM, kwa kuwa mota inaleta kelele. Kwa jambo hili simwonei wivu mtu wa Tennessee.

Ninachokiona kibaya kwetu ni kusahau gitaa letu. Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na sahani zikatoka kwa lebo ya Gallotone. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Merle Travis wa Kentucky, ambaye wapiga gitaa wa country wanamwita mwalimu, naye alipiga kwa vidole viwili hivyohivyo. WSM inampiga Travis na wenzake kama watu wanaoishi. Mwenda na mpiga gitaa mwenzake Edouard Masengo wanastahili hivyohivyo, saa moja kila wiki, siku na saa isiyoguswa, hata mdhamini akiwa muuza unga wa kupikia. Opry yenyewe imelishwa na kampuni ya unga, Martha White, tangu 1948.

Kazi inaanza na wazee wenye sahani na kaseti. Sahani za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zisipigwe kwa sindano ya LP: ile ina mikroni 18 hivi, inazama chini ya mfereji na kukwaruza uchafu, inatakiwa ya 75 hivi. Kaseti, safisha kwanza kichwa cha mashine kwa alkoholi na pamba, ukikuta sauti imefifia kama iko chini ya blanketi, geuza kidogo sana skurubu ya pembeni ya kichwa mpaka ing'ae. Hifadhi kwa WAV, 44.1 na biti 16, mega 10 hivi kwa dakika; MP3 tengeneza baadaye kwa kutuma. Kwenye jina la faili weka mwimbaji, mji na jina la mzee aliyeitunza. Anza na kaseti zilizorekodiwa nyumbani na kwenye harusi, kwa sababu za kiwandani huenda mwingine anazo.