Wengu Haustahili Kisu Kila Mara

Binamu yangu alianguka na bodaboda barabara ya Koboko, huku kwetu Arua, Uganda, na usiku huohuo akatolewa wengu, au bandama kama wasemavyo Watanzania. Simlaumu mpasuaji. Damu ilishajaa tumboni, angesita, tungezika. Ila tangu hapo kila homa yake huamsha nyumba nzima, kwa sababu asiye na wengu anaweza kuzidiwa na bakteria wa nimonia ndani ya saa chache tu. Chanjo alizohitaji alizisikia mwaka wa pili.

Kuna njia nyingine, embolizesheni. Daktari hupitisha katheta, mrija mwembamba, kupitia mshipa wa kinena au wa mkono, huku akiutazama kwa eksirei mpaka ufike kwenye ateri ya wengu. Palipopasuka huzibwa kwa koili ndogo, ilimradi presha ya mgonjwa haijaporomoka. Wengu uliofura na kumeza chembe za damu, huo huzibwa baadhi tu ya matawi yake: nusu hivi, au asilimia 70, inakufa, na sehemu inayobaki inaendelea kulinda mwili. Ukizidisha hapo, unakaribisha jipu. Hata mambo yakienda vizuri, homa na maumivu ya siku kadhaa hayakosi.

Sisi wengu uliofura tunaujua. Nenda mialo ya Buliisa, kando ya Ziwa Albert. Mayai ya kichocho hukwama kwenye ini, ini linajaa makovu, damu inakosa njia na kurudi nyuma. Wengu unavimba, mishipa ya umio inatuna, siku moja mvuvi anatapika damu. Prazikwanteli huua minyoo, lakini makovu ya miaka mingi hayaondoki kirahisi. (Na tusijidanganye, choo na dawa vije kwanza.)

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kazi hii ya mirija mwaka 2018 wakifundishwa na wageni, na leo wanafundisha wataalamu wao wenyewe. Hospitali ya Mulago kuna chumba cha katheta cha moyo, kwa hiyo kazi ya mirija si ngeni Kampala. Naona tuwekeze kwenye mikono kuliko mashine mpya.

Lakini Arua hadi Kampala ni kama kilomita 480. Binamu yangu asingefika. Ndiyo maana ningeanza na wagonjwa wa wengu uliofura: hao wanaweza kupewa tarehe, wakapanda basi la usiku.