Panya wa Kilo Themanini na Nne

Sawa. Mmeiona ile video yangu nikianguka nyumbani kwangu. Hata fundi wangu wa viatu ameiona, na simu yake ni ile ya mulika mwizi, sijui ilimfikia kwa njia gani.

Ile video ina sekunde 47. Tukio lenyewe lilichukua karibu dakika 25. Hizo sekunde 47 zilichaguliwa na rafiki yangu wa tangu utotoni, ambaye kuanzia leo nitamwita Ripota, na alizichagua kwa ustadi wa mtu aliyekuwa na kinyongo cha miaka. Kazi yangu ya wiki mbili ameikata yote. Makalio ameyaacha.

Kwa hivyo leo nasimulia mwenyewe. Naandika nikiwa nimesimama, kwa sababu suala la kukaa bado linajadiliwa.

Wale mnaouliza "kwani alikuwa anacheza nini": mwaka 1998 kampuni ya Konami huko Japani ilitoa mchezo unaoitwa Dance Dance Revolution. Mishale inapanda kwenye skrini kufuata muziki, na wewe unaikanyaga kwa miguu: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Mashine yenyewe ni lichuma kubwa kama kibanda cha M-Pesa. Watu wa nyumbani tunatumia mkeka wa plastiki uliochorwa hiyo mishale, unaouchomeka kwenye kompyuta, unaweka programu ya bure ya StepMania, unatoa jasho bila kulipia jimu. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Kitambi kiende, pesa zibaki.

Mkeka niliupata kwenye soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, chini ya rundo la mapazia, shilingi 400. Aliyeniuzia alidhani ni zulia la bafuni la mtoto. Sikumsahihisha.

Nyumbani nikauchomeka. Mshale wa kushoto ulikuwa umekufa kabisa. Wa nyuma nao ulikuwa na ugonjwa wa kinyume: hata usipoukanyaga, unajikanyaga. Mtu mwenye akili angerudi kwa mapazia. Mimi nikachukua wembe nikafumua mshono wa pembeni.

Na hapa naomba mnivumilie, maana hii ndiyo sehemu ambayo Ripota hakuwaonyesha. Ndani ya mkeka kuna karatasi mbili za plastiki zilizochorwa mistari myeusi inayopitisha umeme, na katikati yake kuna sponji jembamba lenye matundu. Ukikanyaga, zile karatasi mbili zinagusana kupitia matundu, kompyuta inajua umekanyaga. Basi, hakuna uchawi. Mshale wa nyuma ulikuwa unajikanyaga kwa sababu sponji lilikuwa limelala kama godoro la bweni. Wa kushoto ulikufa kwa sababu mkeka ulikunjwa kwenye robota, kunjo likapita juu ya ule mstari mweusi, mstari ukabanduka. Pengo lenyewe halikuzidi upana wa njiti ya kiberiti. Nililipata saa saba usiku kwa tochi ya simu, nikapiga kelele ya furaha peke yangu.

Fundi mmoja wa elektroniki wa barabara ya Luthuli aliniambia waziwazi: "Hii huwezi kulehemu, boss, itayeyuka." Nikamshukuru, nikaenda nyumbani nikalehemu. Iliyeyuka. Nikabaki na tundu la ukubwa wa shilingi kumi na harufu iliyokaa kwenye mapazia siku nne.

Suluhisho likawa foili, ile ya kufungia kuku. Unakata kipande chembamba, unakilaza juu ya pengo kiguse mstari mzuri huku na mzuri kule, unakibana na selotepu juu yake, si chini. Sponji nikabadilisha na ile foam nyeupe nyembamba iliyokuja na TV, nikaitoboa matundu kwa kifuniko cha biro kilichopashwa moto. Nikajaribu kwa kidole. Kushoto: ndiyo. Nyuma: ukigusa tu. Wazazi waliowahi kuona jina la mtoto wao kwenye gazeti la matokeo ya mtihani wanaijua ile hisia.

Sasa, mkeka laini una tabia ya kujikunja chini ya miguu na kukimbia. Lazima uutie nguvu. Nikarudi Gikomba kwa wauza mbao, nikakatiwa plaiwudi ya milimita 12, futi tatu na nusu kila upande. Makanga wa matatu ya Umoja, mtaani kwangu, akaitazama akasema ubao ulipe nauli ya mtu mzima. Nikabishana hadi soko la Burma, halafu nikalipa. Juu ya plaiwudi nikatandika mkeka, juu ya mkeka ile nailoni ngumu ya kufunika meza, nikazungushia skrubu na washa pembeni kote. Imara. Ungeweza kuegesha pikipiki.

Shida ikabaki moja. Sakafu yangu ni ya taili. Ukiruka kulia, ubao mzima unaenda kulia nawe, mnafika jikoni pamoja.

Hapa ndipo ninapowaomba mnihukumu kama binadamu. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa, nimeshawaita watu, yaani Ripota. Dukani hakuna ile mipira ya kuzuia kuteleza. Na chini ya dirisha langu anapita yule bwana mwenye kipaza sauti: dawa ya mende, dawa ya kunguni, gundi ya panya. Gundi ya panya. Nikawaza: kama inaweza kumshika panya wa Umoja, ambaye mimi namheshimu, ubao ni nini? Nikanunua tyubu tatu.

Gundi ya kawaida hukauka. Hilo ndilo jambo ambalo kila mtu analijua na mimi sikuliunganisha na lingine. Gundi ya panya HAIKAUKI. Ndiyo kazi yake. Ingekuwa inakauka, panya angepita juu yake akienda zake. Mimi nilipaka tyubu zote tatu chini ya plaiwudi, nikaibandika sakafuni, nikasubiri saa nzima "ikauke", huku Ripota akinywa chai yangu na kusema, nakumbuka vizuri, "unajua wewe ni mhandisi."

Nikavaa soksi nikapanda. Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi zaidi. Ubao haukusogea hata unywele. Kile ambacho sikukiona ni kwamba kila niliporuka, kilo zangu 84 zilikuwa zinaikamua ile gundi itoke nyuma ya ubao, polepole, kama siagi inavyotoka ukibana mkate. Ripota anakiri aliiona. Alidhani ni "vanishi".

Wimbo wa tatu nikapandisha kiwango. Mishale ikaja miwili miwili. Nikarukia nyuma, kisigino cha kulia kikapita ukingo wa ubao, kikatua kwenye taili.

Twende pole.

Kwanza nilihisi ubaridi. Nikavuta mguu. Mguu ukaja, soksi ikabaki. Niliitazama ile soksi, imesimama yenyewe sakafuni, mdomo wazi, kama inataka kusema kitu. Mwili wangu ulikuwa bado unafuata mdundo, kwa hivyo mguu mtupu ukashuka pale pale, pembeni mwa soksi. Sasa haukurudi. Juu yangu kila kitu kikaendelea kwenda nyuma. Nilipiga mikono hewani mara mbili, ile ya kuku anayeshuka kwenye ukuta. Nikaona dari. Nikaona ile alama ya maji darini ambayo keateka, msimamizi wa ploti, amekuwa akiahidi kuja kuiangalia tangu Pasaka. Nikakaa. Sauti ya kukaa kwangu mmeisikia, Ripota ameibandika mara tatu juu ya video.

Nilikaa ndani ya gundi. Kaptura yote, na kiganja cha kulia nilichotanguliza. Mguu wa kulia umekwama, mkono umekwama, makalio yamekwama. Kilichobaki huru ni mkono mmoja na mguu wa kushoto, ambao ulikuwa umebaki juu ya ubao. Juu ya mshale gani? Wa kushoto.

Skrini ikaanza kuandika Miss, yaani umekosa. Miss. Miss. Miss. Wimbo ukanifelisha. Ripota, badala ya kunisaidia, akabonyeza kompyuta turudi kwenye orodha ya nyimbo "tujaribu tena". Na kwenye orodha, mshale wa kushoto ndio unaozungusha nyimbo. Nilikuwa nimeulalia. Orodha ikaanza kuzunguka, tik-tik-tik-tik-tik, haisimami. Jaribuni kufikiria: kwa wiki mbili nilimwomba Mungu huo mshale ufanye kazi, na sasa ulikuwa hai kuliko mimi. Kuutoa mguu sikuweza, maana ndio uliokuwa unanishikilia nisilale chali, nywele nazo zikaingia.

"Nivute," nikamwambia Ripota.

"Ngoja mwanga uwe mzuri," akasema.

Hodi ikapigwa. Mlango haukuwa umefungwa. Ni Mama Mapacha wa nyumba ya chini, na mapacha wenyewe nyuma ya leso yake, miaka sita, macho manne. Na mimi, kwa malezi niliyopewa, nikasema nikiwa pale pale chini, "Karibu, Mama Mapacha. Karibu ukae."

"Asante, mwanangu. Nilikuja kuuliza mnatwanga nini, dari yangu inamwaga chokaa kwenye ugali." Halafu akaona. Akainama, akagusa gundi kwa ncha ya kidole, akainusa. "Hii si ya panya?"

"Ni ya panya, Mama."

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, hakucheka kabisa. Alisema tu, "Hapo ni mafuta ya kupikia. Hivi majuzi mmoja alinasa nyuma ya friji yangu, watoto wakalia, nikamtoa kwa mafuta."

"Alipona?"

Akafikiri kidogo. "La."

Akashuka akaleta mafuta. Nusu lita, na mnajua bei ya mafuta siku hizi, nilikuwa nahesabu shilingi zikinipita mgongoni. Alinimwagia kwenye kiganja, kwenye mguu, na pale kwingine akamwambia Ripota amwage yeye, akageuka kuangalia ukuta kwa heshima. Mafuta kweli yanafanya kazi. Gundi ililegea, ikawa uji. Kidole kikatoka, kingine kikatoka, mguu ukatoka. Kaptura haikukubali. Kaptura iko pale mpaka wakati huu.

Kwa hivyo nilisimama bila hiyo. Kwenye taili. Zenye nusu lita ya mafuta.

Sekunde 47 zenu zinaanzia hapo.

Yaliyofuata ni mafupi. Niliteleza, nikashika pazia, pazia likaja. Mapacha walipiga makofi. Keateka alipanda kuuliza kelele, akatazama, akashuka bila neno, jioni akatuma ujumbe kwamba ubao ule ukitolewa na taili zitatoka, na taili zikitoka dipoziti nayo itatoka. Nimesugua sakafu kwa sabuni ya unga na maji moto siku tatu. Mafuta ya Mama Mapacha nimerudisha, lita moja nzima. Kwenye kundi la WhatsApp la ploti naitwa Miss. Ripota bado ni rafiki yangu, lakini chai atakunywa kwake.

Hakuna hata mmoja wenu, kati ya wote mlionitumia vile vikatuni vya panya, aliyeuliza kama mkeka unafanya kazi. Hata mmoja.

Ubao hautoki, basi tumeuacha pale. Kila jioni baada ya homuweki mapacha wanapanda, wanavua viatu mlangoni, wanaizunguka ile kaptura kwa adabu, wanacheza. Jana yule mdogo kwa dakika tatu alipiga hatua 80 mfululizo bila kukosea, na mshale wa kushoto haukumwangusha hata mara moja. Ripota hakuwepo kurekodi.