Upepo Bure, Nauli Elfu Sabini

Kuna kazi ukizitaja tu watu wanakuheshimu. Sema wewe ni fundi umeme, mtu atakuonyesha swichi yake iliyoungua. Sema unauza mkaa, atakuuliza gunia limefika shilingi ngapi. Mimi nikisema napamba kwa mapulizo na kuchangamsha watoto kwenye bethidei, mtu ananipandisha, ananishusha, halafu ananiuliza kwa upole kabisa: "Sawa, na kazi unafanya wapi?"

Mtu huyohuyo, mwanawe akikaribia kutimiza miaka sita, ananipigia simu saa nne usiku. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Nataka tao la mlangoni, nguzo mbili kandokando ya meza ya keki, na mengine ya kumwaga chini watoto wachezee. Pinki, nyeupe na dhahabu. Ila kaka, hiyo dhahabu isije ikawa njano." Namtajia bei. Kimya. Natoa simu sikioni kuangalia kama mtandao umekata. Haujakata, ni yeye ndiye aliyekatika. Akirudiwa na pumzi anasema: "Kaka, si upepo tu huo?"

Haya, ni upepo. Tuupime basi. Mpira wa pulizo moja la inchi 11 ni kama gramu 3, kwa hiyo mapulizo 300 yote pamoja yanacheza kwenye kilo moja. Ukiyapuliza yafike upana wa sentimita 25, kila moja linameza lita nane za hewa na ushee, na hewa yote hiyo ukiiweka kwenye mizani ni kama kilo tatu. Jumla kilo nne. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Sasa mfuko wa saruji unalazwa kwenye bajaji miguuni mwa abiria, dereva anapewa buku tatu, na mwenye saruji anakaa vizuri anachati. Mapulizo yangu ya kilo nne yanataka zaidi ya meta nne za ujazo. Hiyo ni Noah nzima, viti vimetolewa, na mimi mwenye mali sina pa kuweka hata goti. Nauli hapa Dar haiangalii kilo, inaangalia nafasi. Ndiyo maana upepo ninaoupata bure Mbagala unanigharimu elfu sabini kuufikisha Masaki, ambako nako, ukifika baharini, upepo umejaa tele.

Najua mtakachosema, kwa sababu kila mtu anakisema: "Si upulizie hukohuko?" Jamani, mimi nimekuwa mpuuzi kiasi hicho? Ukumbi unafunguliwa saa nane, watoto wanakuja saa tisa. Mlinzi wa getini anakuambia jina lako halipo kwenye orodha. Ukishaingia, umeme umekatika, pampu inakutazama, wewe unaitazama. Ukianza kupuliza kwa mdomo, kundi la watoto limeshakuzunguka, na kila unalofunga wao wanalifungua. Na mama mwenye shughuli akipita akakuta pulizo la ishirini na wewe uko hoi, anaanza kuhema kuliko wewe. Hapana. Mapulizo yanafika yakiwa yamepulizwa, yamefungwa, yamepangwa. Yakifika.

Kwa hiyo karakana ni nyumbani kwangu, chumba na sebule. Kazi inaanza watoto wakishalala, na siyo kazi ya kujaza tu na kufunga, kama wanavyodhani. Kila pulizo linapitishwa kwenye boksi lenye tundu nililokata mwenyewe, likikwama linapunguzwa, likipwaya linaongezwa, maana tao lenye mapulizo makubwa na madogo yasiyo na mpango linaonekana limeugua matende. Nayafunga mawili mawili kwa mikia, nachukua pacha mbili nazisokota, linatoka ua la manne, naliviringisha kwenye kamba, nashuka na jingine. Kidole cha shahada ndicho kinachovuta kile kifundo. Njooni mkione: ngozi imeota sugu pembeni, na siku ya oda kubwa kinavimba mpaka simu inakataa alama yangu ya kidole. Simu yangu mwenyewe hainijui kwa sababu ya bethidei ya mtoto wa watu.

Halafu yanapasuka. Usiku wa manane, nyumba ya kupanga, kuta nyembamba. Paah! Mbwa wa jirani anaanza. Kimya. Paah! Asubuhi natoka na mswaki nakutana na mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi humo ndani kwenu mnawindana?"

Mama watoto naye amechoka. Kufika jikoni anasukuma kwa kifua, kurudi na chai anasukuma kwa mgongo, na mapulizo yanamng'ang'ania kwenye nywele, maana yakisuguliwa na kitambaa yanapata umeme na kunata popote. Juzi kaenda mpaka dukani na moja jeupe limeganda mgongoni, na watu wakamwacha tu. Wapangaji wenzangu wana roho mbaya sana.

Sasa tubebe. Zamani tulikuwa tunatia kwenye mifuko mikubwa ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku nchini, na sina ugomvi na sheria, mitaro ya Mbagala ilikuwa imeshajaa hiyo mifuko. Lakini nani aliyefikiria mtu wa mapulizo? Nilijaribu shuka: dereva haoni nyuma, na shuka lina msuguano. Viroba vina nyuzi kali. Jibu likawa neti ya mbu. Neti ina hewa, ni laini, ni kubwa, ukikusanya pindo zake na kukaza unapata furushi linaloshinda meza ya watu wanane. Tatizo ni kwamba neti yenyewe ni ya watoto wangu. Ijumaa usiku mapulizo ya watu yanalala ndani ya neti, watoto wangu wanapigwa na mbu, na Jumapili nanunua dawa ya mbu ya kuchoma kwa faida niliyoipata.

Chombo chenyewe ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva ananiambia, "Bosi, mzigo gani huo, mbona gari halijainama?" Namwambia asishangilie, akiendesha zaidi ya mwendo wa baiskeli tutaufukuza mzigo huo kwa miguu. Tunafunga kamba huku na huku. Si kwamba usianguke, ni kwamba usipande. Tunashika Kilwa Road, foleni inatupokea Mtongani, jua la Dar linatua juu ya neti, na hapo ndipo fizikia inaponitafuta. Hewa ikipata joto inatanuka, mpira hautanuki milele. Ndiyo maana sijazi pulizo mpaka mwisho, naliacha na nafasi ya kukua njiani. Nikimweleza mteja hivyo anasema nimembania hewa. Hata hewa jamani! Yale ya rangi nyeusi ndiyo yanayotangulia, maana nyeusi inakunywa jua haraka. Mtu akitaka bethidei ya popo wa kwenye katuni, nyeusi na njano, namwongezea bei kimyakimya.

Trafiki akatusimamisha pale karibu na Bendera Tatu.

"Umebeba nini?"

"Upepo, afande."

Sikuwa nafanya mzaha, lakini uso wake ulibadilika. Ikabidi nishuke, nifungue pindo la neti, moja likachomoka likaenda kutua kwenye boneti la gari la mkubwa fulani. Afande akaliangalia, akaniangalia, akasema: "Nenda, ila nipatie mawili ya mjukuu." Nilimpa ya dhahabu, na naamini mpaka leo mjukuu anasema ni njano.

Bado Daraja la Tanzanite. Zuri, sikatai, tangu lifunguliwe mwaka 2022 watu wanapigia picha mpaka harusi. Lakini liko juu ya bahari, lina urefu wa kilometa moja, na upepo wa pale hauna adabu. Neti ilivimba, kirikuu kikaanza kutembea upande. Mimi nimelala juu ya mzigo kifudifudi, miguu ikining'inia, suruali yangu ya uchekeshaji yenye viraka vya rangi saba inapepea, na wenye magari mazuri wanashusha vioo kunirekodi. Kwenye simu za watu mimi ni maarufu.

Ukifika unasema sasa basi, kumbe geti lina ua wa michongoma. Watu wa mjini mnapenda sana ua wenye miiba. Mwizi anaruka hapohapo kila siku, mimi na mapulizo yangu ndio tunaokoma.

Tao likishasimama, mama mwenye shughuli anazunguka, anatikisa kichwa. "Mbona hayapai? Kwenye video yalikuwa yanapaa." Mama, pumzi yangu haipaishi kitu. Tunachotoa mapafuni kina hewa ya ukaa, na hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Yanayopaa yametiwa heliamu, na heliamu ni mtungi, na mtungi ni hela. Cha kuudhi zaidi ni kwamba iko hapahapa nchini. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba chini ya Bonde la Rukwa kuna heliamu nyingi. Sawa, hospitali ina haki ya kwanza, mashine za MRI zinapozwa kwa heliamu hiyohiyo. Ila mimi nikienda kuulizia mtungi naambiwa umetoka nje, bei kwa dola.

Jirani yangu mmoja, mtu mwenye suluhisho la kila kitu, akanishauri nitie gesi ya kupikia. "Si gesi nayo?" Mzee wangu, gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa, pulizo lingelala sakafuni, halafu mshumaa wa keki ungemalizia shughuli pamoja na waalikwa. Inasemekana mapulizo ya kwanza ya mpira aliyatengeneza mwanasayansi Michael Faraday, London, mwaka 1824, kwa majaribio ya gesi. Yeye aliyajaza haidrojeni yakapaa yenyewe. Hakuhitaji kirikuu. Ila na bethidei hakuwa anahudhuria nayo.

Siku moja mteja akatoa hela ya heliamu. Nikasema leo heshima. Mapulizo kumi yakapanda dari, watoto wakapiga kelele za furaha, mama akaniita "kaka yangu" kwa mara ya kwanza. Mjomba mmoja aliyekuwa anatokwa na jasho akanyoosha mkono akawasha pangaboi. Sitaki kuielezea hiyo sekunde. Wazee waliinama chini ya meza, bibi akasoma dua, DJ akazima muziki.

Na hapo sijaanza kazi ya pili, ya kusokota yale membamba. Yanaitwa 260: inchi mbili unene, inchi 60 urefu. Unapuliza ukiacha mkia mtupu, kwa sababu kila ukisokota kiungo hewa inakimbilia mbele, isipopata nafasi ndiyo paah. Mimi najua mbwa, ua, upanga na kofia. Foleni ya watoto inapangwa, wa kwanza anasema, "Anko, nataka bajaji." Namshawishi achukue mbwa. "Basi Fuso." Namshawishi. Anachukua upanga, na wote waliobaki nyuma yake wanataka upanga, na ndani ya dakika tano wanapigana vita, na wazazi wananiangalia mimi, eti ndiye muuza silaha. Huku nainama kuokota vipande vya yaliyopasuka, maana pakiti yenyewe imeandikwa onyo kwamba watoto chini ya miaka 8 wanaweza kukabwa navyo. Navitia mfukoni vyote. Wageni wakiniona wananong'ona kwamba naokota mabaki ya keki.

Jioni inapofika wakati wa malipo yaliyobaki, mama anahesabu. Anahesabu, nakuapia, kwa kidole. "Kaka, pale juu yamepasuka manne. Tunafanyaje?" Na nyuma yake shangazi zake watatu wanalibomoa tao na kuondoka na maua manne manne kwenda kupamba sebule zao, bure, wakiyabana kwapani, na kondakta wa daladala hawatozi hata shilingi.

Sasa hivi naandika haya, ujumbe umeingia. Dada mmoja wa Kigamboni anataka mapulizo 400 Jumamosi, yaje tayari yamepulizwa. Anasema ili kubana bajeti nimtumie kwa bodaboda. Nimemjibu vizuri tu, kwamba inawezekana, ila atangulize hela ya bodaboda thelathini, atume na ya kutolea.