Lupu kwenye Haskell: map au for?

Ubishi hauishi kati ya watu wa Haskell, lugha ya programu ambayo data kwa kawaida haibadilishwi ikishaundwa, na sisi tuliolelewa na C na Python, kwamba ukitaka kupita kwenye arei (safu ya visanduku vya data) au gridi uandike lupu (amri zinazorudiwa) yenye i na j za kuhesabu nafasi au uachane nayo kabisa utumie map (kupitisha fankshoni kwenye kila kitu) na fold (kukusanya vyote kuwa jibu moja) tu. Mi naona kila upande una haki yake ila kwa kazi tofauti, na swali la kujiuliza ni moja tu, kila kisanduku unakiandika mara ngapi?

Chukua Game of Life ya John Conway, ile ya 1970, gridi ya visanduku vilivyo hai au vilivyokufa inayobadilika hatua kwa hatua. Kisanduku kina majirani 8, kilicho hai kinabaki hai kikiwa na majirani hai 2 au 3, kilichokufa kinafufuka wakiwa 3 kamili. Ukiandika lupu ndani ya lupu af ukabadilisha gridi ileile papo hapo umeshaharibu, maana kisanduku kinachofuata kitahesabu hali mpya ya jirani badala ya ile ya zamani, na hiyo baga (kosa la programu) nimeshaitafuta usiku kucha. Kwa Haskell gridi ya zamani haiguswi, unajenga mpya kutoka kwake, kila kisanduku kinaandikwa mara moja basi. Aisee hapo map inashinda bila ubishi.

Sasa njoo kwenye chekecheke la Eratosthenes la kutafuta namba tasa, unapanga namba zote af kwa kila namba tasa unafuta zinazogawanyika nayo. Hapa kisanduku kimoja kinafutwa tena na tena, 30 inafutwa na 2, na 3, na 5. Mpaka milioni 1 unafuta zaidi ya mara milioni 2, na ukitumia // (alama ya kubadilisha vitu kwenye arei) ya Data.Array, maktaba ya arei zisizobadilika za Haskell, kwa kila ufutaji mmoja basi kila mara arei nzima inakopiwa, yaani hutamaliza leo. Hata ukikusanya ufutaji wote wa namba tasa moja kwa mkupuo bado ni kopi 168, coz kufuta kunaishia 1000, kipeo cha pili cha milioni 1, na mpaka hapo kuna namba tasa 168. Na orodha ndo usiseme, !! (ya kuchukua kitu kwa nafasi yake) inatembea toka mwanzo kila ukiomba kitu.

Hapo naandika lupu ya forM_ (ndo for ya Haskell) ndani ya runSTUArray, inayokupa arei ya kubadilika kwa muda, bila aibu. Kuna wanaosema hiyo ni C iliyovaa kanzu ya Haskell, mi sikubali, maana taipu za ST (ndo hiyo sehemu ya kubadilisha) zinazuia ile arei inayobadilika isitoke nje, anayeita fankshoni yako anapokea arei tulivu isiyobadilika. Ila kwenye uandishi wana hoja kweli, readArray na writeArray (za kusoma na kuandika kisanduku) kila mstari inachosha, OCaml, lugha nyingine ya fankshoni, wana for na arei za kubadilika tangu zamani na hakuna anayelalamika.

Kinachoniuma ni wanaoanza, wanafundishwa gridi kama orodha ya orodha, programu inakuwa kobe, wanaondoka wakiamini lugha ndo nzito, wakati Data.Array hata hawajaonyeshwa.